Orodha ya 86: Mashirika Mawili ya Mombasa Yalivyotiwa Kwenye Ugaidi na Yalivyotoka

Alfajiri ya Alhamisi, tarehe 2 Aprili 2015, wapiganaji wa al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi waliokuwa mabwenini. Jumanne iliyofuata, mara tu baada ya Pasaka, Inspekta Jenerali wa Polisi wa wakati huo, Joseph Boinnet, alitoa katika Gazeti Rasmi la Serikali orodha ya watu na mashirika 86 yaliyoshukiwa kuwa na uhusiano na al-Shabaab. Mlikuwa na kampuni za hawala, yaani za kutuma fedha, mlikuwa na watu binafsi, na mlikuwa na majina mawili ambayo Mombasa iliyajua vizuri: Muhuri na Haki Africa. Waliotajwa walipewa saa 24 waeleze kwa nini wasitangazwe kisheria kuwa wahusika wa ugaidi. Akaunti zao za benki zikafungwa.

Muhuri lilianzishwa 1997, na kazi yake ni kutetea haki za binadamu, hasa za Waislamu wa Pwani. Haki Africa ni changa zaidi, na wakati huo liliongozwa na Hussein Khalid. Yote mawili yalikuwa yakipiga kelele juu ya jambo ambalo serikali haikupenda kulisikia: vijana wanaochukuliwa na wasirudi, na masheikh wanaopigwa risasi barabarani.

Mijadala juu ya namna nchi ya kidemokrasia inavyoweza kupambana na ugaidi huelea sana: mizani ya usalama na uhuru, haki za wengi na za wachache, maneno ya semina. Kisa hiki kina tarehe, kina sahihi ya afisa, na kina hukumu ya jaji. Tunaweza kukifuata hatua kwa hatua tuone demokrasia ilifanya nini pale ilipobanwa hasa. Nami naona kilichofanyika kortini Mombasa mwaka ule kilikuwa sehemu ya vita dhidi ya ugaidi sawasawa na msako wowote wa polisi, ila kilichelewa mno.

Kwanza, hali ilivyokuwa. Mtu asiyeijua Mombasa ya 2012 hadi 2015 ataona orodha ile kama kosa la karani tu. Sivyo. Tarehe 27 Agosti 2012 Sheikh Aboud Rogo, mhubiri wa msimamo mkali aliyeshutumiwa kuwaunga mkono al-Shabaab, alimiminiwa risasi akiwa garini, barabara ya Malindi, na mji ukawaka kwa siku kadhaa. Makanisa yakashambuliwa, polisi wakatupiwa gruneti. Oktoba 2013 Sheikh Ibrahim Ismail naye akauawa kwa mtindo ule ule, na kanisa la Jeshi la Wokovu kule Majengo likachomwa moto. Tarehe 2 Februari 2014 polisi walivamia Masjid Musa, Majengo, wakaingia na viatu vyao hadi ndani, wakabeba vijana zaidi ya mia moja. Picha iliyochapishwa ilimwonyesha mmoja wao akiwa mikononi mwa polisi. Kijana huyo hakuonekana tena, na familia yake ikalazimika kwenda mahakamani kuuliza alipo.

Mwezi uliofuata, watu wenye bunduki waliingia kanisani Likoni Jumapili asubuhi wakaua waumini. Tarehe 1 Aprili, Abubakar Shariff, maarufu kama Makaburi, mhubiri wa mkondo ule ule wa Rogo, akapigwa risasi nje ya mahakama ya Shanzu. Juni akauawa Sheikh Mohammed Idris, mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri, mtu aliyekuwa akipinga mafundisho ya akina Makaburi waziwazi na aliyefukuzwa na vijana katika msikiti wake mwenyewe. Novemba polisi wakaingia misikiti ya Musa, Sakina, Swafaa na Minaa, wakakamata mamia, na misikiti ikafungwa. Tarehe 22 mwezi huo huo, basi lilisimamishwa karibu na Mandera, upande wa pili wa nchi, na abiria 28 wakauawa. Al-Shabaab walisema walikuwa wakilipiza misako ya misikiti ya Mombasa.

Hapa msomaji asinielewe vibaya. Al-Shabaab wangetafuta kisingizio kingine kama hiki kisingekuwapo. Waliua katika maduka ya Westgate, Nairobi, na waliua Mpeketoni, Lamu, bila kungoja msikiti wowote ufungwe. Lakini kisingizio kina kazi yake. Kinamfikia kijana wa miaka kumi na tisa aliyekaa maskani hana kazi, ambaye binamu yake yumo katika lori la polisi na hajui kapelekwa wapi. Huyo ndiye anayesakwa na pande zote mbili.

Basi tumtazame mama yake. Simsemi mama mmoja ninayemjua, namsema mzazi wa Kisauni au Majengo kwa jumla, kwa sababu yeye ndiye anayeona mapema kuliko kachero yeyote. Ndiye anayejua mwanawe kaacha kula na wenzake, kauza simu, kaanza kuuliza njia ya Lamu, ya kwendea Somalia. Jirani atamwambia, "Mamake, mbona usende kituoni ukawaeleza?" Naye atajibu, "Nende nikamtie mwanangu kitanzi kwa mkono wangu? Nikenda pale nitaulizwa mie." Hajibu hivyo kwa sababu anaupenda ugaidi. Anajibu hivyo kwa sababu ameona picha ya yule kijana wa Masjid Musa. Mtu wa namna hii akipata mahali pa kwenda, atakwenda ofisi ambayo kesho itamsimamia mbele ya polisi: itampa wakili, itauliza kijana amewekwa wapi, itakumbusha kwamba Katiba, kifungu cha 49, inataka mshukiwa afikishwe kortini ndani ya saa 24. Mombasa, ofisi za namna hiyo zilikuwa chache, na mbili kati ya zile zilizojulikana zaidi ndizo zilizotiwa kwenye orodha.

Kwa hiyo serikali, kwa notisi moja, ilijiziba masikio yake yenyewe. Sidhani kuna aliyekaa akapanga hivyo. Nadhani mtu alitazama nani anayeisumbua polisi Pwani, na jibu likaonekana kama linatosha.

Sasa sheria yenyewe. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012, kifungu cha 3, inaweka ngazi. Inspekta Jenerali akiwa na sababu za msingi kuamini kuwa kundi linahusika na ugaidi, analipa nafasi ya kujieleza. Asiporidhika, anapendekeza kwa Waziri. Waziri naye akiridhika, anatangaza kwa amri katika Gazeti Rasmi. Tangazo la Aprili 7 lilikuwa ngazi ya kwanza tu: jielezeni. Hakuna waziri aliyekuwa ametangaza lolote. Lakini benki zilifunga akaunti kana kwamba ngazi zote zimekwisha pandwa, na wananchi wakasoma magazetini kwamba hawa ni wafadhili wa ugaidi. Shirika lisilo na akaunti halilipi mishahara, halilipi pango, halimlipi wakili wa kijana aliyekamatwa juzi. Mwezi huo huo maafisa wa kodi waliingia katika ofisi za mashirika yote mawili, wakabeba kompyuta na mafaili.

Zile saa 24 nazo zinastahili kutazamwa, maana watu wengi wamezipita haraka. Kama kweli katika orodha mlikuwa na mtu anayepitisha fedha za al-Shabaab, basi kumtangazia gazetini kuwa anashukiwa ni kumpa onyo ahamishe mali iliyo nje ya benki na kuchoma karatasi. Na kama mlikuwa na mtu asiye na hatia, saa 24 hazimtoshi hata kupata barua inayomweleza anatuhumiwa kwa lipi, sembuse kuijibu. Notisi ile ilikuwa ndefu mno kwa mhalifu na fupi mno kwa mtu mwema. Mpelelezi makini asingeiandika hivyo. Imeandikwa na mtu aliyetaka nchi ione kuwa jambo fulani limefanyika baada ya Garissa, na maiti 148 zilikuwa sababu nzito ya kutaka hivyo. Hilo nalielewa. Serikali ambayo haionekani kufanya kitu baada ya msiba kama ule hupoteza imani ya watu, na imani hiyo nayo ni sehemu ya usalama.

Mashirika yakaenda Mahakama Kuu ya Mombasa. Hili si jambo dogo. Mwaka mmoja tu nyuma, mtu alikuwa ameuawa nje ya mahakama katika kaunti hiyo hiyo, na mafundisho ya kina Makaburi yalikuwa kwamba korti za Kenya ni za makafiri, hazimpi Mwislamu haki. Kila siku ambayo Muhuri na Haki Africa walikaa ndani ya chumba kile wakisikilizwa kwa utaratibu, mafundisho hayo yalikuwa yanakanushwa bila mahubiri. Mahakama hiyo ilikuwa na historia yake pia: Julai 2012 iliondoa marufuku dhidi ya Baraza la Republican la Mombasa, wale wa "Pwani si Kenya", wakati wengi Nairobi waliwaona kama wahaini. Na Februari 2015, wiki chache tu kabla ya Garissa, majaji watano wa Mahakama Kuu jijini Nairobi walikuwa wamefuta vifungu vinane vya Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Usalama, ile iliyopitishwa bungeni kwa vurugu Desemba 2014. Kwa hiyo serikali iliingia kortini ikijua kwamba neno "usalama" peke yake halifungi mdomo wa jaji.

Aliyesikiliza kesi ni Jaji Anyara Emukule. Juni 2015 aliamua kuwa mashirika hayo mawili hayakuonyeshwa kuwa na uhusiano wowote na ugaidi. Kwa maneno ya barazani: serikali iliulizwa ushahidi uko wapi, na ushahidi haukutokea. Ukisoma Katiba ya 2010, njia ya jaji si ngumu kuiona. Kifungu cha 47 kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa utaratibu wa haki na kupewa sababu za maandishi pale afisa wa serikali anapotaka kumnyima haki yake. Kifungu cha 24 kinaruhusu haki kubanwa, lakini anayebana ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba pana sababu. Na kifungu cha 25 kinataja haki ambazo hazibanwi hata kwa dharura, mojawapo ikiwa ni kusikilizwa kwa haki.

Hata hivyo akaunti hazikufunguliwa Juni. Zilibaki zimefungwa. Ikabidi warudi tena, na ni tarehe 12 Novemba 2015 ndipo mahakama ilipoamuru zifunguliwe. Kutoka notisi hadi amri hiyo ni miezi saba na ushei. Kwa mtu anayetazama kutoka mbali, kesi imeshinda, mfumo umefanya kazi, tufunge faili. Kwa mfanyakazi ambaye hakupata mshahara tangu Pasaka, na kwa mzazi aliyebisha mlango Agosti akakuta hakuna pesa za kumfungulia kesi, haki hiyo ilifika baada ya hasara kwisha kuingia. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaokisifu kisa hiki bila breki.

Upande wa serikali una hoja ambayo haifai kudharauliwa. Fedha huhama kwa dakika, hasa zama hizi za simu. Ukimwita mfadhili wa ugaidi umsikilize kwanza, utafunga akaunti tupu. Nakubali kabisa. Funga kwanza, ukiwa na sababu, bila kutangaza. Lakini basi faili lifike kwa jaji ndani ya siku chache, si miezi, na anayefungiwa aambiwe kiini cha tuhuma hata kama majina ya watoa habari yamefichwa. Wazungu nao walijifunza hili kwa kushindwa kortini. Umoja wa Ulaya ulifunga mali ya mfanyabiashara wa Saudia, Yassin Kadi, baada ya jina lake kuingia kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya washukiwa wa ugaidi, na mwaka 2008 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikasema kumfungia mtu mali bila kumweleza sababu na bila kumpa njia ya kujitetea ni kinyume cha haki za msingi, hata kama orodha imetoka juu kiasi hicho. Mahakama haikusema orodha zifutwe. Ilisema orodha iwe na mlango wa kutokea.

Kampuni 13 za hawala zilizosimamishwa Aprili ule ule nazo ni fundisho, ingawa kisa chao ni kingine na nitakipita haraka. Familia nyingi upande wa pili wa mpaka zinaishi kwa pesa hizo. Ukizifunga zote kwa pamoja, pesa haziachi kwenda; zinatafuta njia isiyo na risiti, na mpelelezi anapoteza daftari alilokuwa akilisoma. Kampuni hizo ziliruhusiwa kufungua tena katikati ya mwaka.

Jambo linalonishangaza zaidi lilitokea wiki moja tu baada ya orodha. Katikati ya Aprili 2015, Waziri wa Usalama wa Ndani, Joseph Nkaissery, alitangaza msamaha wa siku kumi: vijana waliokwenda Somalia na sasa wako tayari kuacha, wajisalimishe kwa serikali, watasaidiwa. Wazo zuri, na muda wake ulihitajika kwelikweli, kwani Pwani palikuwa na vijana waliorudi na wamejificha kwa shangazi zao, wakiwaogopa polisi kwa upande mmoja na al-Shabaab kwa upande mwingine. Lakini jiweke mahali pa kijana huyo. Nani atakupeleka mkono kwa mkono mpaka ofisi ya serikali na kuhakikisha jina lako limeandikwa kitabuni kabla hujaingia chumba cha ndani? Wale ambao wangeweza kuifanya kazi hiyo Mombasa, na ambao familia zingewaamini, walikuwa wiki hiyo hiyo wanajitetea kuwa wao si magaidi.

Kisha upepo ukageuka, kimya kimya, bila mtu kuomba radhi. Septemba 2016 serikali ilizindua mkakati wa kitaifa wa kukabiliana na itikadi kali, na ndani yake mlikuwa na kukiri kwamba jamii, wazazi, maimamu na mashirika ya kiraia ni washirika. Februari 2017 Kaunti ya Kwale, ng'ambo ya feri, ikawa ya kwanza kuwa na mpango wake wa kaunti. Miongoni mwa waliokaa na viongozi wa Kwale kuuandaa ni Haki Africa. Lile lile la orodha ya 86. Katika muda usiofika miaka miwili, mtuhumiwa wa kufadhili ugaidi akawa mwandishi mwenza wa mpango wa kuuzuia, na hakuwa amebadilika yeye. Miezi michache kabla, Desemba 2016, shirika hilo hilo lilikuwa limetoa ripoti ya visa 81 vya watu waliouawa au kutoweka Pwani tangu 2012 katika shughuli zilizohusishwa na vyombo vya usalama. Kuna afisa atakayesema mambo hayo mawili hayakai pamoja, ukipinga polisi huwezi kuisaidia serikali. Mimi naona la kwanza ndilo lililofanya la pili liwezekane. Mzazi wa Diani au Ukunda asingekaa mkutano mmoja na watu wa usalama kama aliyemwalika hakuwa mtu anayejulikana kuwauliza maswali watu hao hao.

Lakini tusiipe kesi hii sifa kuliko inavyostahili. Serikali ilishindwa kortini kwa sababu palikuwa na kitu cha kushtaki. Gazeti Rasmi lina namba, lina tarehe, lina jina la aliyetia sahihi. Gari jeupe lisilo na namba, la wanaoteka na kuua watu, halina hata kimoja. Rogo, Ibrahim, Makaburi, Sheikh Idris: wawili watatu kati ya hawa walihubiri mambo ambayo yalistahili kujibiwa kortini kwa mashtaka ya wazi. Rogo na Makaburi walikuwa tayari kwenye orodha ya vikwazo ya Umoja wa Mataifa tangu 2012, na Makaburi aliuawa siku ambayo alikuwa mikononi mwa mchakato wa mahakama. Ushahidi dhidi yao, kama ulikuwapo, haukupata kupimwa hadi mwisho. Wafuasi wao hawakulazimika kamwe kukaa na kusikia shahidi akieleza nani alipelekwa Somalia na nani alilipwa. Walipewa mashahidi wa aina nyingine, wa kuimbwa. Na kwa Sheikh Idris, aliyekuwa akiwapinga, familia nayo haikupata kesi yenye hukumu.

Kwa hiyo ukiniuliza nini kibadilishwe, nitaanza na madogo yanayoweza kupimwa. Anayefungiwa akaunti afike mbele ya jaji ndani ya wiki moja, na jaji akikuta hakuna kitu afungue akaunti siku hiyo hiyo, asiache la pesa lisubiri hukumu ya pili. Hatua ya "jieleze" isitangazwe kwa majina. Na mtu akikamatwa Mombasa usiku, daftari la kituo liandikwe saa, jina na afisa, kisha ndugu waruhusiwe kuliona asubuhi. Kwa vile visa 81 vya ile ripoti, daftari la namna hiyo ndilo jambo la kwanza ambalo familia zilikuwa zikiulizia, kituo baada ya kituo.